Muhuri wa Shehia

Ofisi yangu ni chumba kimoja, Kangagani,
dirisha la nyavu, meza ya mvule yenye mguu mbovu,
na kijaluba cha wino wa zambarau.
Hapa ndipo vijana huanzia.
"Namtambulisha kwako aliyetajwa hapo juu,
mkaazi wa shehia hii, mwenye tabia njema,"
kisha nagonga. Ta.
Mwaka jana niligonga mia mbili na kumi.
Waliorudi kuniambia wamepata
nawahesabu kwa mkono mmoja, na gumba linabaki.

Haitham Shaame alikuja mara saba.
Ya kwanza, suruali ina mstari wa pasi,
cheti cha uhasibu ndani ya bahasha ya kaki:
bandarini Wete wanataka karani.
Ya pili, hoteli, Unguja huko.
Ya tatu, benki.
Ya nne hakutaja wapi, nami sikuuliza;
nikaiacha wazi nafasi ya jina la mwajiri
kama sahani ya mgeni asiyejulikana saa ya kufika.

Ya tano akanitazama usoni.
"Bi Sheha, kila tangazo linataka uzoefu, miaka mitatu.
Huo uzoefu wenyewe unatolewa ofisi gani,
nikapange foleni?"
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Usiku ule usingizi ulinipaa.
Nikamkumbuka ana miaka tisa, juu ya mkarafuu,
pakacha shingoni.
Nikamkumbuka akiandika kwa mkaa, ukutani,
pishi za kila mchumaji,
na watu wazima wakigombana wanamwita yeye
auseme ukuta, na ugomvi unakwisha.
Nani alimwandikia cheti cha hayo?
Pampu ya msikiti ilipokufa, si yeye aliyeifungua,
akaipangusa kama mtoto mchafu,
watu wakatia udhu?

Ya sita nikayaandika yote.
Karatasi ikajaa mbele na nyuma.
Nikagonga mara mbili, moja ya kazi, moja yangu mwenyewe.
Ikarejeshwa na kalamu nyekundu:
*Barua ya sheha isizidi mistari mitano.*

Ya saba aliichukua ile fupi.
Siku hizi yuko Unguja, anapanga viti vya wageni mchangani.
Hunipigia Ijumaa. Salio likikatika, naye anakatika.

Juzi kaingia Thuwaiba Kombo,
yule anayefufua mafriji nyuma ya soko,
mikono inanuka gesi na risasi.
Nikavuta karatasi, nishaandika "Namtambulisha..."
Akasema, "Leo sitambulishwi, Bi Sheha.
Nataka pahala ukutani kwako nibandike hiki."
Tangazo, kwa mkono wake, herufi zimelala upande:
*Natafuta mtu wa kushika daftari na spana.
Asiyejua atafundishwa.
Mshahara mdogo, lakini upo.
Nafasi moja.*

Nililisoma "asiyejua" mara tatu.
Miaka kumi na minne nimekaa kwenye meza hii,
sijapata kuliona neno hilo kwenye tangazo la kazi.

Alfajiri walikuwa arubaini na mmoja barazani.
Mmoja kambeba mdogo wake mgongoni.
Mmoja kavaa tai ya marehemu babake,
fundo kalikosea.
Nafasi moja, nikawaambia. Wakasema wanajua.
Nikawagongea wote, maana nimkatae nani?
Kwenye ishirini na kitu wino ukakauka.
Nikatia maji kijalubani, tone, na tone jengine,
muhuri ukatoka hafifu kama mchubuko wa wiki iliyopita.
Wakazipeleka hivyo hivyo.

Nimepita nyuma ya soko adhuhuri.
Thuwaiba kakaa juu ya friji lililolazwa,
anaziinua barua moja moja juani
ili majina yasomeke.
Hajachagua.

Nimeagiza wino Wete. Chupa mbili.